Bunduki Inayokataa Kufyatuka: Kinachowachanganya Watazamaji wa Psycho-Pass

Siku hizi jina la Sibyl, mfumo unaowahukumu watu katika katuni ya Kijapani Psycho-Pass, linatajwa ovyo mjini. Dereva akiletewa ujumbe wa faini kutoka kwa kamera ambayo hakuiona, kijana wa gereji anamwambia kwamba tayari tunaishi ndani ya Sibyl. Mwingine anaapa kuwa polisi wa Kampala sasa wanamjua mwizi kabla hajaiba. Wasioijua katuni yenyewe wanauliza huyo Sibyl ni nani. Wanaoijua wanagawanyika papo hapo: mmoja anaisifu, mwenzake anasema ni hadithi ya polisi wazembe wenye bunduki mbovu. Gemu yake nayo ina lawama zake, maana vijana wanaitafuta wakitarajia mapigano na kukuta kurasa za maneno. Kelele hizi zote zina chanzo kimoja. Watu wamechanganya vitendo vitatu visivyofanana, yaani kurekodi, kukisia na kuhukumu. Ukivitenganisha, katuni inaeleweka, gemu inaeleweka, na hata kamera za barabarani zinaeleweka.

Kwanza majina. Psycho-Pass ni mfululizo wa katuni za Kijapani kutoka studio ya Production I.G, ulioanza kuonyeshwa Oktoba 2012. Aliyeuelekeza ni Naoyoshi Shiotani, na msimu wa kwanza uliandikwa na Gen Urobuchi. Hadithi inaanzia mwaka 2112, katika Japani ambamo vipima vilivyotapakaa kila kona vinasoma nafsi za watu usiku na mchana. Kila mtu ana rangi yake, safi au iliyochafuka, na kila mtu ana namba inayohusu uhalifu. Namba hiyo tuiite kiwango cha uhalifu. Ikiwa chini ya 100, wewe ni raia mwema. Ikifika 100, wewe ni mhalifu mtarajiwa, hata kama hujagusa sindano ya mtu. Sibyl ndio mfumo mkuu unaosoma na kuamua haya yote, na ndio unaowaambia watu hata kazi gani inawafaa.

Polisi wa hadithi hii wanabeba bunduki iitwayo Dominator. Kabla ya kufyatuka, bunduki hiyo inamsoma aliyelengwa. Akiwa chini ya 100, inajifunga yenyewe na mwenye kuishika hana la kufanya. Kuanzia 100 hadi 299, inampooza. Kuanzia 300, inamuua, na inamuua vibaya. Polisi wenyewe wako makundi mawili. Kuna mainspekta, wenye namba safi, na kuna watekelezaji, ambao nao ni wahalifu watarajiwa waliotolewa kizuizini ili wawawinde wenzao.

Njia rahisi ya kuielewa Dominator ni kukumbuka kile kipimajoto cha mlangoni wakati wa korona na wakati wa Ebola. Mlinzi alikielekeza kwenye paji la uso kama bastola, namba ikatokea, ukaingia au ukarudishwa. Kifaa kile hakikujua kama una virusi. Kilijua joto la ngozi tu. Aliyepanda kilima juani kutoka soko la Owino alionekana mgonjwa, na aliyebeba virusi bila homa alipita akisalimiwa. Kiwango cha uhalifu kina tabia hiyohiyo. Sibyl haioni kesho. Inasoma hali ya nafsi ya dakika ile, iwe hofu, hasira, msongo au chuki, kisha inaipa hali hiyo jina la hatia.

Ukikubali hilo, malalamiko mengi ya watazamaji yanapata jibu. Chukua kipindi cha kwanza kabisa. Inspekta Akane Tsunemori yuko kazini siku yake ya kwanza. Mwanamke ametekwa na kuteswa na mhalifu anayekimbizwa. Mhalifu anauawa, lakini yule mwanamke, kwa mateso na woga alioupata, kiwango chake kimepanda hadi bunduki inamwona yeye naye ni hatari. Mtekelezaji Shinya Kogami anamlenga. Akane, badala ya kumlenga mwanamke, anampiga Kogami kwa risasi ya kupooza.

Nimewasikia watu wakimwita Akane mjinga kwa kitendo hicho, eti amempiga mwenzake akamwacha mshukiwa. Hapana. Akane ndiye peke yake aliyeona kilichokuwa mbele yake: mtu aliyeonewa, anayetetemeka, anayeadhibiwa kwa kuonewa kwake. Msichana aliyebakwa na kufika kituo cha polisi akitetemeka kwa hasira angepata namba gani? Mama aliyefukuzwa kwenye ardhi yake Mubende na kusimama barabarani akipiga kelele angepata namba gani? Kipindi kile kinauliza swali hilo tangu mwanzo. Aliyelikosa atababaika mpaka mwisho wa msimu.

Lalamiko kubwa zaidi linamhusu Shogo Makishima, muuaji ambaye ndiye adui mkuu wa msimu wa kwanza. Katika kipindi cha 11, anamshika rafiki ya Akane na kumtishia kisu. Akane anamlenga kwa Dominator. Bunduki inajifunga. Makishima anaendelea, na namba yake, badala ya kupanda, inazidi kushuka. Anamuua yule msichana mbele ya macho ya inspekta mwenye bunduki ya kisasa kuliko zote duniani, na bunduki ile inasema huyu ni raia mwema. Watazamaji hupiga kelele hapo: bunduki imeharibika, au mwandishi amekosea!

Bunduki haijaharibika hata kidogo. Inafanya kazi ileile iliyoundiwa, ambayo ni kusoma nafsi. Makishima ni mtu ambaye nafsi yake haitikisiki anapoua. Hana hofu, hana hasira, hana majuto, kwa hiyo hakuna cha kupimwa. Yule mwanamke wa kipindi cha kwanza alikuwa na joto bila ugonjwa, na huyu ana ugonjwa bila joto. Hakuna anayeweza kuzielewa pande hizo mbili akiamini kwamba mashine inatabiri matendo.

Baadaye hadithi inalikandamiza jambo hili mpaka linauma. Wahalifu wanapata kofia zinazonakili hali ya nafsi ya watu walio karibu. Mwanamume aliyevaa kofia hiyo anampiga mwanamke hadi kumuua, barabarani, mchana, na wapita njia wanasimama wakitazama. Hawakimbii wala hawasaidii. Hakuna king'ora kilicholia, na wao wamezoea kwamba pasipo king'ora hapana uhalifu. Kwangu mimi hicho ndicho kipande kizito kuliko vyote katika mfululizo mzima, kizito kuliko damu yote inayomwagika, kwa sababu kinaonyesha mashine ilivyowanyang'anya watu macho yao wenyewe.

Kuna sababu nyingine inayowafanya watazamaji wa kwetu wateleze hapa, na inatokana na tulivyolelewa kutazama filamu. Katika vibanda vya video, kuanzia Kampala hadi miji ya mpakani, tumezoea VJ anayesimulia juu ya picha, anayekutajia stelingi mapema na kukuonyesha adui ni yupi. VJ Jingo na VJ Junior wamekuwa majina makubwa kwa ufundi huo, na ni ufundi kweli, kwa sababu filamu ya lugha ngeni inageuka kuwa hadithi ya jirani yako. Lakini mazoea hayo yana kanuni yake: stelingi anapiga, adui anaanguka. Psycho-Pass inavunja kanuni hiyo kwa makusudi. Mwenye bunduki hana ruhusa ya kupiga. Adui ana namba safi kuliko stelingi. Hata ukiuliza stelingi ni nani, Akane au Kogami, utapata ubishi wa saa nzima.

Wengine, kwa kuchoshwa na Sibyl, wanamgeuza Makishima kuwa shujaa, kwa hoja kwamba anapigania uhuru wa binadamu kuamua mambo yake. Ni kweli anasema maneno yanayovutia kuhusu hiari ya mtu. Lakini anawaua watu ambao hiari yao hakuiuliza. Mtu anaweza kuona ubaya wa mfumo na bado akawa muuaji. Akane analiona hilo, ndiyo maana anamwinda Makishima huku akiukataa mfumo moyoni, na ndiyo maana namkubali yeye kuliko wote.

Anayetaka kuitazama bila kujua siri yake aruke aya hii. Mwishoni mwa msimu wa kwanza tunagundua kwamba Sibyl si kompyuta kama tulivyodhani. Ni ubongo wa watu wengi uliounganishwa pamoja, na watu hao ni walewale ambao mfumo haukuweza kuwasoma, watu wa aina ya Makishima. Yaani hakimu ametengenezwa kwa wale ambao sheria haikuweza kuwashika. Watazamaji wengine wanaona mwandishi aliwachezea. Mimi naona hapo ndipo hadithi ilipotoa hoja yake nzito: nyuma ya namba inayoonekana haina upande, daima kuna watu, na watu hao wana masilahi yao.

Msimu wa pili, wa mwaka 2014, uliandikwa na timu nyingine chini ya Tow Ubukata, na mashabiki waligawanyika vibaya. Kuna wasemao ulizidisha damu na kupunguza fikra. Sikatai kwamba ni dhaifu kuliko wa kwanza. Hata hivyo una swali moja zuri: mfumo unaopima mtu mmoja mmoja utalipimaje kundi? Na ukianza kulipima kundi, nani atabaki salama?

Sasa gemu. Inaitwa Mandatory Happiness, ikatengenezwa na kampuni ya 5pb. ya Japani. Ilitoka huko mwaka 2015 kwa Xbox One, mwaka uliofuata ikafika kwenye PlayStation 4 na PlayStation Vita, na mwaka 2017 kwenye kompyuta. Lawama yake kubwa ni kwamba si gemu. Ukweli ni kwamba ni ya aina ambayo huku kwetu haijazoeleka: riwaya inayochezwa. Unasoma mazungumzo, unatazama picha za wahusika, unasikia sauti za Kijapani, na kila baada ya muda unaulizwa ufanye nini. Jibu lako linaigeuza hadithi, na miisho yake ni zaidi ya mmoja. Hakuna kukimbia wala kulenga kwa vidole.

Katika vibanda vyetu vya gemu, ambako watu wanalipia mechi moja ya mpira na foleni inangoja nyuma, gemu ya kusoma kwa saa nyingi haina nafasi. Anayeijaribu hapo lazima achoke, na wenzake watamfukuza kwenye kiti. Ongeza na lugha: maandishi yake ni Kiingereza cha maneno mazito. Hiyo si kasoro ya mchezaji. Ni gemu ya chumbani, ya mtu aliye peke yake na mwenye muda.

Ndani yake unachagua kuwa mmoja kati ya wahusika wawili wapya. Yuko Nadeshiko Kugatachi, inspekta aliyepoteza kumbukumbu, na yuko Takuma Tsurugi, mtekelezaji anayemtafuta mtu wake wa karibu aliyepotea. Adui wao si jambazi. Ni akili mnemba iitwayo Alpha, ambayo lengo lake ni kuwafanya watu wawe na furaha. Haiwaulizi wanataka furaha ya namna gani, inawapa tu, na watu wanaumia. Jambo ambalo wakosoaji wa gemu hii hawalipi uzito ni kwamba maamuzi yako yanagusa rangi ya nafsi ya mhusika wako. Unapomhurumia mshukiwa, unapokasirika, unapotilia shaka amri, unaanza kujiuliza mfumo utanionaje mimi. Kwenye katuni ulikuwa mtazamaji. Hapa unajikuta unachagua jibu la woga ili namba yako ibaki safi. Nakubali kwamba uchezaji wenyewe ni mwepesi na baadhi ya kesi zinavutwa mno. Lakini hisia ile ya kujichunga mwenyewe, katuni haiwezi kukupa.

Turudi barabarani Kampala, maana huko ndiko jina la Sibyl linakotumiwa vibaya zaidi. Kamera nyingi tunazoziona zilianza kuwekwa baada ya mauaji ya afisa mkuu wa polisi Andrew Felix Kaweesi, Machi 2017. Rais Museveni aliagiza ziwekwe, kampuni ya Huawei ikaleta mfumo, na mwaka 2019 polisi walithibitisha kwamba unaweza kutambua nyuso na kwamba umegharimu dola milioni 126. Kisha zikaja namba za magari za kidijitali, zilizoanza na magari ya serikali mwishoni mwa 2023. Juni 2025 ukaja mfumo wa faini za barabarani zinazotolewa na mashine, ambao ulizua hasira kubwa hata ukasitishwa baada ya siku chache.

Mifumo hii inarekodi. Inanasa kilichotokea: gari lilipita kwa kasi hii, uso huu ulionekana mahali hapa. Haipimi moyo wa mtu na haidai kujua atafanya nini kesho. Anayesema kamera ya Jinja Road inajua mwizi wa wiki ijayo anaipa uwezo ambao haina, na kwa kufanya hivyo anayaacha maswali ya kweli: nani anatazama picha hizo, zinakaa muda gani, na ukitozwa faini kwa kosa la mtu mwingine unakwenda kulalamika dirisha gani? Hasira ya Juni 2025 ilikuwa na haki ndani yake kwa sababu ilihusu maswali hayo.

Kukisia ni jambo jingine, na limejaribiwa kweli, ingawa si hapa. Polisi wa Chicago walikuwa na orodha iliyompa mtu alama hadi 500 kulingana na uwezekano wa kuhusika na risasi, kama mpigaji au kama mpigwaji. Utafiti wa shirika la RAND uliotoka mwaka 2016 haukuona orodha ya awali ikipunguza mauaji. Ulichoona ni kwamba waliomo walikamatwa zaidi. Orodha iliachwa mwaka 2019. Los Angeles walitumia programu iliyokisia mitaa ya kupelekwa doria, wakaiacha mwaka 2020. Umoja wa Ulaya nao umepiga marufuku, tangu Februari 2025, mifumo inayokisia kwamba mtu atatenda uhalifu kwa kutazama wasifu au tabia zake pekee.

Kasoro ya makisio haya si ngumu kuiona. Tuseme doria inakwenda Kisenyi, mtaa wa maskini Kampala, kila usiku na haikanyagi Kololo, mtaa wa matajiri. Baada ya mwaka, daftari litajaa watu wa Kisenyi. Lishe kompyuta daftari hilo, nayo itakuambia upeleke doria Kisenyi. Utawakamata wengine, utawaandika, na kompyuta itazidi kuwa na uhakika. Haikugundua walipo wahalifu. Iligundua walipo polisi.

Na kuhukumu? Hapo Uganda haikuhitaji kompyuta kabisa. Wazee wa Kampala wanaikumbuka panda gari ya miaka ya 1980, watu walivyozolewa mitaani na kupakiwa kwenye malori kwanza, makosa yakatafutwa baadaye. Na kwa miaka mingi sheria yetu ya makosa ya jinai, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, iliruhusu kumkamata mtu kwa uzururaji: mtu anayeshukiwa, asiye na njia ya kipato inayoonekana, asiyeweza kujieleza vizuri, au anayeonekana barabarani katika hali inayomfanya askari adhani ana nia mbaya. Soma tena masharti hayo. Hakuna kitendo ndani yake, ni hali ya mtu tu. Kijana aliyetoka kijijini kutafuta kibarua, amelala kituo cha teksi, mfukoni hana kitu, tayari amevuka 100. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilivifuta vipengele hivyo. Katiba, katika ibara ya 28, inasema mtuhumiwa hana hatia hadi ithibitike au akiri mwenyewe, na huwezi kuthibitisha hatia ya kitendo ambacho hakijatendwa.

Kwa hiyo anayemtafuta Sibyl wa Uganda asiishie kutazama juu ya nguzo za kamera. Atazame pale mtu anapohukumiwa kwa anavyoonekana. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inampa mwananchi haki ya kudai kwamba uamuzi mzito unaomhusu usifanywe na mashine peke yake, na haki hiyo inafaa kujulikana sasa, kabla kamera zinazorekodi hazijaunganishwa na programu zinazokisia.

Kwa anayetaka kuanza: tazama vipindi 22 vya msimu wa kwanza kwa mpangilio, bila kuruka. Filamu ya mwaka 2015 inafuata baada ya msimu wa pili, ila aliyeuruka msimu huo bado ataielewa. Gemu iache hadi umalize msimu wa kwanza, maana hadithi yake imewekwa ndani ya kipindi hichohicho na inakuchukulia kama mtu anayemjua tayari Akane, Kogami na ile bunduki.